Ziwa Tanganyika: Namna ya kuchagua ufukwe wa mapumziko Bujumbura

Mkazi wa Bujumbura hahitaji ndege wala meli ili kufika ufukweni. Ziwa Tanganyika limelala magharibi mwa mji huo, ulio mkubwa kuliko yote nchini Burundi, na kutoka katikati ya mji gari hufika kwenye mchanga kwa dakika chache. Ng'ambo ya maji huonekana milima ya Kongo ikiinuka juu ya mji wa Uvira, na Jumapili alasiri familia nzima hushuka kando ya ziwa kuoga, kula samaki wa kuchoma na kutazama jua likizama nyuma ya milima hiyo.

Fukwe zenyewe hazifanani, ingawa zote hutazama ziwa moja. Upo ufukwe ulio jirani na mto unaobeba maji machafu ya mitaa, upo unaopitiwa na viboko giza linapoingia, na upo uliokuwa na mchanga mpana miaka michache iliyopita ambao baadaye maji yaliufunika hadi kwenye miguu ya meza za mgahawa. Anayechagua kwa kutazama picha za mtandaoni peke yake anaweza kulipa nauli na kufika mahali ambapo mchanga wa kwenye picha haupo tena.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumuuliza mwenyeji si ufukwe gani ni mzuri, bali ni mto gani uko karibu nao, na maji yamefika wapi mwaka huu.

Ufukwe usio na bendera

Mtalii anayekwenda kupumzika katika visiwa vya Bahari ya Mediterania, kama vile Malta, Krete au Kupro, hukuta sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha kufanywa kwa niaba yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu maji ya kuogelea inazitaka nchi wanachama kupima bakteria katika maji ya fukwe zao na kuyapanga katika madaraja manne, kuanzia maji bora kabisa hadi maji mabaya, na matokeo hutangazwa kila mwaka. Juu ya hayo ipo Bendera ya Bluu, alama iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, ambayo hutundikwa kwenye fukwe zilizotimiza masharti ya usafi, usalama na huduma.

Bujumbura haina bendera hiyo. Mgeni hulazimika kutumia macho yake, pua yake na maneno ya wanaolijua ziwa, hasa wavuvi, ambao kwa kawaida hueleza hali ya maji kwa ukweli kuliko matangazo ya hoteli.

Ziwa lenyewe si la kuchezewa. Lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia karibu mita 1,470, jambo linaloliweka katika nafasi ya pili duniani kwa kina, nyuma ya Ziwa Baikal la Urusi. Linagawanywa na nchi nne, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia na Burundi, na sehemu ya Burundi ni takriban asilimia 8 tu. Maji yake hayana chumvi ya kuhisiwa mdomoni, hayana kupwa na kujaa kama bahari, na joto lake huwa karibu nyuzi 25 au zaidi kwa mwaka mzima. Mambo hayo matatu humpa mgeni utulivu, na mara nyingine utulivu huo humdanganya.

Kaskazini: njia ya Gatumba

Fukwe zinazojulikana zaidi ziko kaskazini magharibi mwa mji, kando ya barabara inayotoka bandarini kuelekea Gatumba na mpaka wa Kongo. Wenyeji huziita kwa neno la Kifaransa, plage, na hata anayezungumza Kiswahili cha Buyenzi, mtaa ambao lugha hiyo imekita mizizi tangu zamani, atasema anakwenda plage. Huko ndiko kuna Saga Plage, Bora Bora, hoteli ya Club du Lac Tanganyika na, mbele zaidi kuelekea Gatumba, Karera.

Sifa ya upande huu ni mchanga. Ni nchi ya tambarare ya Imbo, iliyojengwa kwa karne nyingi na udongo unaoletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, sakafu ya ziwa nayo huteremka polepole, na mtu mzima anaweza kutembea hatua nyingi kabla ya maji kumfika kifuani. Kwa familia yenye watoto wadogo, hiyo ni sababu nzuri ya kuanzia huku.

Tofauti kati ya fukwe hizi ni ya mazingira zaidi kuliko ya mchanga. Zile zilizo chini ya hoteli na migahawa mikubwa huwa na vivuli, vyoo, maji ya kuogea na walinzi, na mara nyingi mgeni hutarajiwa kununua chakula au kinywaji. Zile za wazi hupendwa na vijana wanaocheza mpira, waimbaji wa kwaya wanaokuja kufanya mazoezi na wachuuzi wa karanga. Anayetafuta ukimya asiende Jumapili, na anayetafuta kuuona mji ukistarehe asiende siku nyingine.

Udongo uleule uliojenga mchanga huo ndio unaoyatia maji ya kaskazini rangi ya chai ya maziwa msimu wa mvua. Yanayosifiwa katika vitabu kuwa maji maangavu ya Tanganyika ni ya sehemu zenye miamba na kina, hasa kusini. Mgeni aliyekuja na miwani ya kupigia mbizi ili kutazama samaki wa rangi asiifungue hapa.

Mito ya mjini

Bujumbura umejengwa kati ya ziwa na milima, na milima hiyo iko karibu sana. Mito inayoukatiza mji ni mifupi na yenye mteremko mkali: Ntahangwa upande wa kaskazini mwa katikati ya mji, Muha upande wa kusini, Kanyosha kusini zaidi, na Mutimbuzi kule kwenye uelekeo wa uwanja wa ndege. Siku ya kawaida ya kiangazi mtu anaweza kuivuka kwa kurukia mawe. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, hugeuka mikondo ya matope kwa muda mfupi. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko ya ghafla katika mitaa ya kaskazini mwa mji, ikiwemo Kamenge, Kinama na Buterere, yaliua zaidi ya watu 60.

Mito hiyo hiyo hubeba taka. Mtandao wa maji machafu hufika sehemu tu ya mji, na kituo cha kuyasafisha cha Buterere hakipokei yote yanayozalishwa na nyumba, masoko na viwanda. Kinachobaki huishia mitaroni, kutoka mitaroni huingia mitoni, na mito yote huelekea ziwani.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Huutazama mchanga wakauona umefagiliwa, wakaona viti vimepangwa, wakahitimisha kuwa maji ni safi. Usafi wa mchanga ni kazi ya mfagiaji wa asubuhi, na maji yana asili nyingine. Dalili za kutazamwa ni mstari wa maji ya rangi tofauti yanayosambaa kutoka pembeni, chupa na mifuko iliyokusanyika kwenye matete, na harufu. Kanuni ya busara ni kuchagua ufukwe ulio mbali na mahali ambapo mto wowote unaingia ziwani, na kutoingia majini siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, hata kama jua limekwisha kurudi.

Ziwa linalopanda

Kwa kawaida uso wa Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kila mwaka kwa kiasi cha kati ya nusu mita na mita moja. Kilele hufika mwezi wa Aprili au Mei, mvua zinapokwisha, na maji hushuka hadi Oktoba au Novemba. Kwenye ufukwe unaoteremka polepole, nusu mita ya kimo ni hatua nyingi za mchanga. Ufukwe wa Septemba na ufukwe wa Mei, ingawa una jina moja, ni mahali pawili tofauti.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yamezidi desturi hiyo. Ziwa lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga, unaotiririka kutoka ufuo wa magharibi kuelekea bonde la Mto Kongo. Katika karne ya 19 njia hiyo iliwahi kuziba. Henry Morton Stanley alipofika hapo mwaka 1876 aliikuta imejaa mafunjo na udongo, na maji ya ziwa yalikuwa juu sana kuliko yalivyo sasa. Baada ya kizuizi kuvunjika, mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Baadaye lilipanda tena na kufikia kilele cha karne ya 20 mwaka 1964, ambacho wazee wa Bujumbura walikisimulia kwa muda mrefu kama jambo lisilojirudia.

Limejirudia. Kuanzia mwaka 2020 maji ya ziwa na ya Mto Ruzizi yamevamia Gatumba mara kwa mara na kuzifukuza familia nyingi katika nyumba zao. Mwaka 2024, baada ya mvua kubwa zilizochochewa na hali ya El Niño, ziwa lilikaribia tena kimo cha 1964. Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja wa msaada mwezi Aprili mwaka huo, wakieleza kuwa zaidi ya watu 200,000 wameathirika tangu Septemba 2023. Migahawa ya ufukweni iliwekewa magunia ya mchanga, na sehemu za bandari zilifikiwa na maji.

Ikumbukwe kwamba sheria iliona jambo hili mapema. Kanuni ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kutoka kwenye maji ya Ziwa Tanganyika kuwa eneo la hifadhi lisilofaa kujengwa. Anayeketi leo kwenye baraza la zege lililo hatua kumi kutoka majini anaweza kujipatia mwenyewe jibu la namna sheria hiyo ilivyotekelezwa.

Kwa mgeni, matokeo ya haya yote ni ya vitendo. Ufukwe uliosifiwa na rafiki aliyekuja mwaka 2018 unapaswa kuulizwa upya. Mahali ambapo maji yalifunika nyasi, kuta au vyoo vya zamani si pa kuogelea hata yanapotulia: chini yake kuna vyuma, misumari na mashimo yasiyoonekana. Na maji yanapoanza kurudi nyuma, ufukwe huacha matope na madimbwi kabla ya kurudisha mchanga wake.

Wenye ziwa wengine

Kiboko ni jirani wa kudumu wa Bujumbura. Kwenye baraza la Cercle Nautique, klabu ya ufukweni iliyo karibu na katikati ya mji, watu wamezoea kuketi jioni wakitazama vichwa vyao vikiibuka majini. Ni tamasha zuri linapotazamwa kutoka juu ya baraza, na ni hatari kubwa linapotazamwa kutoka kwenye mchanga.

Kiboko hushinda majini mchana na hutoka kulisha giza linapoingia. Ana uzito unaozidi tani moja, na katika mwendo mfupi humshinda binadamu mbio. Hashambulii kwa njaa, kwa kuwa hula majani. Hushambulia akihisi amefungiwa njia ya kurudi majini, au akiwa na ndama. Kwa hiyo kosa baya kuliko yote ni kusimama kati yake na ziwa ili kupiga picha. Ufukwe wenye matete, nyasi zilizolishwa zikawa fupi kama zulia na njia pana zilizokanyagwa kushuka majini ni wa viboko, hata kama hakuna anayeonekana. Viboko wamewahi kuonekana wakitembea hadi kwenye barabara za mji usiku, na madereva wa njia ya Gatumba hulijua hilo.

Mamba wako zaidi katika delta ya Ruzizi, ambako mto hugawanyika katika mikono miwili kabla ya kuingia ziwani. Delta hiyo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, na tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Huko ndiko alikojipatia sifa Gustave, mamba mkubwa ambaye hadithi za kando ya ziwa humhusisha na vifo vya hadi watu 300, idadi ambayo haijapata kuthibitishwa. Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi kwa miaka mingi, aliongoza jaribio la kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma, lililoonyeshwa katika filamu ya mwaka 2004. Mamba hakuingia.

Gustave ameifanya delta kuwa maarufu duniani, lakini fundisho la mahali hapo halimhitaji yeye. Delta ni ya kutazamwa kutoka kwenye boti au kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi, si ya kuogelea, na kadiri ufukwe unavyosogea karibu nayo ndivyo tahadhari inavyopaswa kuongezeka. Kwa upande huo, fukwe zilizo karibu na mji, zenye watu wengi na zisizo na matete, zina nafuu.

Kichocho na kipindupindu

Hatari isiyoonekana ni kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya binadamu, ambayo huipenya kwa dakika chache bila maumivu. Tambarare ya Imbo na bonde la Ruzizi zimejulikana kwa ugonjwa huo kwa miongo mingi, na Burundi imekuwa ikiendesha kampeni za kuwagawia dawa watoto wa shule.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na karibu na makazi ya watu. Hawapendi mawimbi. Ufukwe wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, usio na magugu, ni salama zaidi kuliko ghuba ndogo iliyotulia ambayo mgeni angeiona kuwa inafaa kwa mtoto. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana. Kuoga asubuhi hupunguza hatari bila kuiondoa, na kujifuta kwa taulo mara baada ya kutoka si kinga ya kutegemewa.

Kipindupindu ni jambo la msimu na mahali. Burundi ilitangaza mlipuko tarehe 1 Januari 2023, na maeneo ya kaskazini mwa Bujumbura yalikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Maji ya bombani ya mji yanayosambazwa na shirika la REGIDESO hutoka ziwani, lakini hupitia mitambo ya kusafisha kwanza. Ya ufukweni hayajapitia popote. Mtoto afundishwe kufunga mdomo, na matunda yasisuuzwe ziwani.

Msimu na saa

Kipindi kizuri zaidi ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti na mara nyingine hadi katikati ya Septemba. Mvua hukoma, mito hupungua na maji hupungua tope. Upo pia upenyo mfupi wa mvua kupumzika, mwishoni mwa Desemba na Januari, unaowafaa wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, ingawa hauaminiki kila mwaka.

Kiangazi kina bei yake. Tangu Mei upepo wa kusini mashariki huvuma kwa urefu wa ziwa na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanayofika Bujumbura yamesafiri umbali mrefu. Alasiri mawimbi hayo huweza kuwa makubwa kiasi cha kumwangusha mtu mzima. Asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, ziwa huwa limetulia zaidi. Msimu wa mvua tatizo hugeuka: dhoruba hufika ghafla kutoka milimani zikiwa na radi, na ngurumo ya kwanza ndiyo amri ya kutoka majini, pamoja na kuondoka chini ya miti.

Jumamosi asubuhi haifai kwa safari. Ni muda wa kazi za maendeleo za jamii kote nchini, na magari huzuiwa barabarani hadi zinapokwisha. Uhaba wa mafuta ya gari, ambao umeisumbua Burundi kwa miaka kadhaa, nao ni sababu ya kuhakikisha usafiri wa kurudi kabla ya kwenda.

Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na giza huingia upesi kama ilivyo katika nchi zote za ikweta. Anayetaka kulitazama afanye hivyo akiwa amekwisha kutoka majini.

Watoto na kina cha maji

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mazungumzo ya Bujumbura kuhusu hatari za ziwa huanza na mamba, lakini maji yenyewe ndiyo yanayostahili kutajwa kwanza.

Si kila ufukwe una waokoaji, na mlinzi wa geti hajafunzwa kazi hiyo. Kabla ya kuvua viatu, mzazi aulize mambo mawili: nani hapa anajua kuogelea, na boti iliyo karibu ni ya nani. Mtoto asiyejua kuogelea akae umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu mzima, hata pale maji yanapomfika magotini. Mipira ya kuelea na matairi ya gari yanayokodishwa si vifaa vya uokoaji. Upepo ukitoka nchi kavu huyapeleka mbali haraka, na maji yasiyo na chumvi humshikilia muogeleaji kidogo kuliko ya bahari, jambo ambalo mtu aliyezoea Zanzibar au Mombasa huligundua akiwa amechelewa. Anayepanda boti adai jaketi la kuokolea linalomtosha, na kama halipo abaki nchi kavu.

Kusini: barabara ya Rumonge

Mwenye siku nzima au mbili anaweza kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3, inayoambaa na ziwa. Kilomita kama kumi na mbili kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe lenye majina ya David Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Safari yao ya kaskazini mwa ziwa ndiyo iliyothibitisha kuwa Ruzizi humwaga maji ndani ya Tanganyika, si kuyatoa, na hivyo kuliondoa ziwa hilo katika mjadala wa chanzo cha Nile.

Mbele ya hapo milima husogea hadi majini. Mji mkubwa, taka zake na tope la Ruzizi hubaki nyuma, miamba huanza kuonekana, na maji hupata rangi ya samawati. Hapa ndipo miwani ya kupigia mbizi ina kazi, kwa kuwa ziwa hili lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani. Kati ya Magara na Rumonge, mji ulio kilomita 70 na zaidi kutoka Bujumbura, kuna vituo vya mapumziko kama Blue Bay na fukwe za Resha. Mbali zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, iko Nyanza-Lac, yenye mchanga mrefu na wageni wachache.

Uzuri huo una masharti. Ardhi inayoteremka kwa ghafla nje ya maji huendelea kuteremka hivyo hivyo ndani yake, na hatua moja inaweza kumtoa mtu kiunoni hadi mahali asipofika chini. Barabara nayo imeteseka: maporomoko ya udongo yaliifunga eneo la Gitaza mwaka 2015, na sehemu nyingine zimeliwa na mawimbi. Msimu wa mvua ni vema kuuliza hali yake asubuhi ya safari. Kwa yule ambaye jambo lake kuu ni maji safi, safari ya kusini inastahili usumbufu wake. Kwa mwenye watoto wa miaka mitatu au minne, mchanga wa kaskazini siku ya kiangazi, asubuhi, mbali na mto, unabaki kuwa chaguo bora.

Kusini pia ndiko ufukwe unapoonekana kuwa mahali pa kazi. Ndagala, wale ambao Kigoma huwaita dagaa, huanikwa juani baada ya kuvuliwa usiku kwa taa, na mgeni hapaswi kukanyaga wala kupiga picha bila kuomba. Mukeke, samaki anayependwa zaidi mezani Bujumbura, huchomwa mzima na kuliwa kwa ndizi. Hata hivyo nchi za ziwa zimekubaliana kusitisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi hicho huangukia katikati ya kiangazi, na anayekuja kwa ajili ya mukeke huenda akakuta bei imepanda au sahani haina kitu.

Baada ya kurudi nyumbani

Mwasho wa ngozi ndani ya siku moja baada ya kuoga unaweza kuwa ishara ya vimelea vya kichocho kuingia, lakini wengi hawahisi chochote. Homa, kikohozi, uchovu au maumivu ya tumbo yanayojitokeza wiki kadhaa baadaye hufananishwa kwa urahisi na malaria, hasa na daktari aliye Ulaya au Ghuba asiyejua mgonjwa alikuwa wapi. Mgonjwa amtajie ziwa kwa jina.

Vipimo vikifanywa mapema mno havionyeshi kitu. Madaktari hushauri kusubiri wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho ya kuingia majini, na wengine husubiri hadi miezi mitatu. Ugonjwa ukipatikana, dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa vidonge kulingana na uzito wa mgonjwa, na watoto waliooga siku hiyo hiyo hupimwa pamoja naye hata kama wanacheza vizuri.